Kibanzi kimo simuni, boriti imo sokoni

Miongoni mwa adha ndogo ndogo zinazomsumbua Mkenya wa leo, ni chache zilizoenea kama hii ya simu kugoma kuingiza chaji. Umeme upo, chaja ni nzima, waya umechomekwa, lakini simu iko kimya kama jiwe. Mwenyewe huugeuza waya huku na huku, akauinamisha, akauwekea kitabu juu yake ili usicheze, na hatimaye akakata shauri kwamba simu imekufa. Kumbe aghalabu simu haijafa wala haijaugua. Kilichoizuia kula umeme ni nyuzinyuzi za mfuko wa suruali au vumbi la njiani, lililoingia chembe moja moja katika tundu la chaja, likashindiliwa humo hadi likawa kama kizibo.

Huenda msomaji akashangaa iweje ukurasa uliozoea mijadala ya siasa na uchumi ushughulikie uchafu wa tundu lisilozidi upana wa ukucha. Jibu ni kwamba jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Kibanzi hicho kimoja kinatuonyesha jinsi mwananchi anavyouziwa chombo kinachobeba maisha yake bila kuelezwa, kwa lugha anayoielewa barabara, namna ya kukitunza. Na jinsi kutojua kwake kunavyogeuka kuwa hasara kwake na faida kwa wengine. Hoja yangu ni kwamba elimu ya kuitunza simu ni haki ya mnunuzi wala si hisani ya muuzaji, na kwamba nchini mwetu haki hiyo haiwezi kutimizwa pasipo Kiswahili.

Hebu kwanza tuupime uzito wa chombo chenyewe. Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa mwezi Machi mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wa fedha wa mama mboga, mwendeshaji bodaboda, mwalimu na mkulima. Mikopo ya Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa mwezi Novemba mwaka 2022, huombwa na kulipwa kwa simu. Usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ulioanza mwaka 2024, unaweza kufanywa kwa simu, na huduma nyingi za serikali zimehamishiwa kwenye mtandao. Idadi ya laini za simu zilizosajiliwa nchini imekwisha kuipita idadi ya Wakenya wenyewe. Kwa mtu anayeishi katika hali hiyo, simu iliyozimika mchana kutwa ina maana ya wateja walioshindwa kumlipa, abiria waliochukuliwa na mwenzake, na nauli ya kwenda mjini kumtafuta fundi. Seuze yule aliye kijijini, ambaye fundi wa karibu yuko mwendo wa saa mbili!

Sasa tutazame tundu lenyewe, maana asiyelijua umbo lake hawezi kulitunza. Tundu la chaja lililomo katika simu nyingi mpya ni la mtindo wa USB-C, uliotolewa mwaka 2014. Mdomo wake una upana wa milimita 8 na ushei, na kimo cha milimita 2 na nusu hivi. Katikati yake pametokeza kitu mfano wa ulimi. Juu ya ulimi huo na chini yake kumepangwa vijino vyembamba vya metali vilivyopakwa dhahabu, 12 kila upande, jumla 24, na kutoka kimoja hadi kingine ni nusu milimita tu. Kichwa cha waya hakina budi kuingia hadi mwisho ndipo vijino vyake vikutane sawasawa na vile vya simu.

Mtu atiapo simu mfukoni, mdomo wa tundu hilo ukiwa wazi, nyuzi chache za kitambaa huingia. Peke yake hazina madhara. Lakini usiku unapofika na waya ukachomekwa, kichwa chake hufanya kazi ya mchi ndani ya kinu: huzisukuma nyuzi hizo hadi ndani kabisa na kuzishindilia. Kesho yake huingia nyingine, nazo zikashindiliwa juu ya zile za jana. Haba na haba, wasemavyo wahenga, hujaza kibaba. Baada ya miezi kadhaa hufanyika tabaka gumu lililoshikamana, na kichwa cha waya hakiwezi tena kufika mwisho. Pengo lisilotimia milimita moja linatosha kuikosesha simu umeme.

Dalili za hali hiyo si ngumu kuzitambua. Waya ulioingia vyema hushika imara. Ule uliozuiwa na uchafu hulegea, huacha sehemu ya kichwa chake nje, na hudondoka ukiguswa kidogo. Mtu akijaribu waya wa pili ulio mzima, na huo nao ukalegea vivyo hivyo, basi ana sababu njema ya kushuku uchafu kabla hajashuku kifo.

Aidha, uchafu wenyewe hufuata kazi na mahali pa mtu. Katika sehemu za Kati na Ukambani, vumbi jekundu la kiangazi ndilo hujipenyeza. Pwani, mchanga mwembamba hushirikiana na hewa ya chumvi, na unyevu huo ukikaa juu ya vijino huleta kutu. Mwenye kinu cha kusaga mahindi hupambana na unga. Seremala hupambana na unga wa mbao. Wahunzi wa Kamukunji jijini Nairobi wana taabu ya aina yake: ndani ya spika ya simu mna sumaku, nayo huzivuta chembe za chuma zinazoruka hewani hadi zikaufunika wavu wa spika na kuifanya sauti ikwaruze. Na zile simu zilizokwisha kutumika Ulaya, ambazo soko letu limezipokea kwa mikono miwili, pengine huja zikiwa na nyuzi za mifuko ya watu wa London ambao hatutawaona maishani!

Je, uchafu huo unaondolewaje? Hapa lugha yetu ina msaada mkubwa kuliko tunavyodhani. Kiswahili kina vitenzi tele vya kazi hii: kukung'uta, kupangusa, kuchokoa, kuchokonoa, kukwangua, kupuliza. Katika mazungumzo ya ovyo mtu huweza kuvichanganya, lakini kila kimoja kina tendo lake, na uzima wa simu umo katika tofauti hizo. Mwongozo mzuri ungesema hivi: kung'uta, kisha chokoa, kisha pangusa, usichokonoe, usikwangue, usipulize.

Tufafanue. Jambo la kwanza ni kuizima simu kabisa na kuchomoa waya. La pili ni kulimulika tundu kwa tochi, ili mtu aone anachokwenda kukitoa badala ya kupapasa gizani. Baada ya hapo simu hugeuzwa mdomo chini na kukung'utwa polepole juu ya kiganja, maana chembe zilizolegea hutoka zenyewe. Zile zilizoshikana huchokolewa kwa kijiti cha meno, cha mbao au cha plastiki, kilichochongwa kikawa chembamba na kikavu. Kijiti hupitishwa katika nafasi iliyo baina ya ulimi na ukuta wa tundu, kikafika mwisho taratibu, kisha kikavuta kuelekea nje. Asiyevuta, akasukuma, atakuwa ameurudia ule utwanzi wa waya. Mara nyingi uchafu hutoka kama donge moja la kijivu, na mwenyewe hushangaa kwamba kitu kikubwa kiasi hicho kiliweza kukaa humo. Mwishowe, brashi laini na kavu hupangusa mabaki.

Kuchokonoa ni kudungadunga kwa nguvu pasipo kuona, nako huuvunja ulimi. Kukwangua ni kazi ya sindano, pini na ncha ya kisu, vyombo ambavyo kwa masikitiko ndivyo vya kwanza kushikwa na wengi wetu. Chuma hupitisha umeme, na kinaweza kuviunganisha vijino viwili visivyopaswa kuunganishwa. Tena hukwangua ile dhahabu nyembamba inayovikinga vijino dhidi ya kutu. Kupuliza kwa mdomo nako kuna hatari yake, kwa kuwa pumzi ya binadamu ina unyevu, na unyevu ndio mwanzo wa kutu. Wala maji au mafuta ya taa hayana nafasi katika shughuli hii. Ikiwa vijino vimekwisha kugeuka rangi vikawa vya kijani au vyeusi, hapo kazi imevuka mipaka ya mwenye simu, na ni haki afikishiwe fundi.

Kuna tahadhari mbili zaidi. Kando ya tundu la chaja, katika simu nyingi, kuna kitundu kidogo mno mfano wa alama ya kalamu. Hicho ndicho sikio la simu, yaani njia ya sauti kuelekea kwenye maikrofoni. Wapo wanaokidhania kuwa kimeziba na kukitia sindano, na tangu siku hiyo wapigiwao simu hawawasikii tena. Kitundu hicho hupanguswa kwa juu tu. Hakichokolewi hata kwa mbao. Tahadhari ya pili yahusu mchele. Imeenea imani kwamba simu iliyolowa izikwe ndani ya mchele ili ikauke. Mwezi Januari mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake waache mtindo huo, kwa sababu chembe ndogo za mchele huweza kuingia ndani ya simu na kuiharibu. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Lakini kuanika simu si mojawapo.

Msomaji ataona kwamba maelezo haya yote yametimia katika aya chache, kwa maneno ambayo mtu aliyemaliza darasa la nane anayaelewa. Hayakuhitaji shahada ya uhandisi. Basi ni kwa nini hayamo ndani ya boksi la simu? Aghalabu kikaratasi kinachokuja na simu kimeandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, kwa herufi zinazodai kioo cha kukuzia, na sehemu kubwa yake ni maonyo ya kisheria yanayomkinga mtengenezaji. Utunzaji wa tundu, ambalo ndilo mlango pekee wa umeme katika simu nyingi, ama haukutajwa au umetajwa kwa kauli moja isiyo na maelezo.

Hapa ndipo taaluma yangu inaponilazimu kusema jambo. Katika miongo michache iliyopita wanaisimu na wanahabari wa Kiswahili wamefanya kazi ya kusifika ya kuvipa majina vyombo vipya. Tumepata rununu, tarakilishi, runinga, kipakatalishi na kishikwambi. Tumebishana kwa muda mrefu, na wakati mwingine kwa hasira, kama ni tarakilishi au ni kompyuta, kama ni rununu au ni simu ya mkononi. Mabishano hayo yana manufaa yake. Hata hivyo tumeishia mlangoni. Tumekipa chombo jina, lakini hatujavipa viungo vyake majina yanayokubalika na wote, wala hatujaandika jinsi ya kukitumia, kukisafisha na kukitengeneza. Lugha yenye neno la rununu na isiyo na neno linalojulikana la tundu lake ni kama daktari anayejua jina la mgonjwa asijue wapi lilipo ini lake.

Pengo hilo limezibwa na msamiati wa mafundi, ambao una raha yake lakini una hila zake pia. Kwa fundi wengi wa Nairobi, tundu la chaja pamoja na kibao chake huitwa "sistimu". Mteja akifika na simu isiyoingiza chaji huambiwa kwamba sistimu imekufa na hana budi kubadilishiwa. Neno hilo ni pana kiasi kwamba mteja hawezi kujua kilichokufa ni nini: ni tundu, ni kibao, ni betri, au ni simu nzima? Asiyejua jina la kitu hawezi kukiuliza swali, na asiyeweza kuuliza hana jinsi ya kukataa. Atalipa. Wapo mafundi waaminifu, tena wengi, ambao kitu cha kwanza hufanya ni kulimulika tundu, kulichokoa na kumrudishia mteja simu yake kwa malipo ya chai. Lakini soko lisitegemee uaminifu wa mtu mmoja mmoja pale ambapo maelezo ya ukurasa mmoja yangemwezesha mnunuzi kujilinda mwenyewe.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kumbebesha fundi lawama zote. Yeye naye ameachwa gizani. Boriti kubwa iko juu yake, katika namna simu zinavyobuniwa na kuuzwa. Tukumbuke kwamba palikuwa na wakati ambapo watengenezaji walilifikiria vumbi letu. Nokia 1100, iliyotolewa mwaka 2003, ilikuwa na kibao cha vitufe kilichofunikwa ili vumbi lisipenye, na ilikuwa na tochi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Simu za jinsi hiyo, ambazo wananchi walizibandika jina la mulika mwizi, zilifunguliwa kwa kucha: kifuniko kikatoka, betri ikatoka, vitufe vikapanguswa kwa kitambaa, na mwenyewe akazifunga na kuendelea na shughuli zake. Hapakuwa na siri baina ya mtu na simu yake.

Leo simu nyingi zimefungwa kwa gundi, na nyingine kwa skrubu za umbo ambalo bisibisi ya kawaida haiwezi kulishika. Watengenezaji hujitetea kwamba gundi huzuia maji na vumbi. Utetezi huo una ukweli, lakini si ukweli wote. Ile alama ya IP68 inayotangazwa kwa mbwembwe ina tarakimu mbili: ya kwanza hueleza kinga dhidi ya vumbi, na 6 ndiyo daraja la juu kabisa, ya pili hueleza kinga dhidi ya maji. Kinachosahaulika ni kwamba kinga hiyo ni ya tumbo la simu. Mdomo wa tundu la chaja hubaki wazi kwa ulimwengu, kwa kuwa kizuizi kimewekwa nyuma yake. Hivyo basi simu isiyopenya vumbi hata chembe huweza kugoma kuchaji kwa sababu ya nyuzi za mfukoni, na mnunuzi aliyeahidiwa kinga hubaki ameduwaa.

Penye nia, mambo haya huweza kurekebishwa kwa sheria. Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba simu mpya zinazouzwa katika nchi wanachama kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 ziwe na tundu la USB-C. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu zinazoingizwa katika soko hilo zina lebo inayomwonyesha mnunuzi, pamoja na mambo mengine, daraja la kinga dhidi ya vumbi na maji na daraja la wepesi wa kutengenezwa. Kanuni zilizoanza siku hiyo hiyo zinawataka watengenezaji waendelee kutoa vipuri kwa miaka 7 baada ya kuacha kuuza aina fulani ya simu, na tundu la chaja, spika na maikrofoni ni miongoni mwa vipuri vilivyotajwa. Isitoshe, agizo la mwaka 2024 kuhusu haki ya kutengenezewa vyombo liliziamuru nchi wanachama kulitekeleza kuanzia tarehe 31 Julai 2026.

Sitaji mambo ya Ulaya ili tuyaige kama kasuku. Nayataja kwa sababu simu hizo hizo, za kampuni hizo hizo, ndizo zinazouzwa katika barabara ya Luthuli. Ikiwa mnunuzi wa Paris anaelezwa kabla ya kulipa kwamba simu hii inatengenezeka na ile haitengenezeki, mnunuzi wa Kisii ana kosa gani? Na kwa kuwa matundu sasa yanaelekea kuwa ya aina moja, kazi ya kueleza imekuwa nyepesi kuliko zamani, kila kampuni ilipokuwa na tundu lake. Mwongozo mmoja, uliochapishwa mara moja, utafaa simu nyingi mpya. Zile za kubofya zenye tundu la mtindo wa zamani zitahitaji aya moja zaidi.

Tena sisi hatuanzi patupu. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaoridhisha, na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa hizo. Kifungu cha 7 kinaitaja lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ukivisoma vifungu hivi viwili pamoja, ni vigumu kuona jinsi kikaratasi cha Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu kinavyoweza kuhesabiwa kuwa kimeitimiza Katiba. Tuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Tuna pia Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayowabebesha wazalishaji wajibu wa bidhaa zao hata baada ya kuuzwa. Kinachokosekana ni utekelezaji.

Suala la taka si la kubezwa. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme na elektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 pekee zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Hakuna awezaye kusema ni simu ngapi katika rundo hilo zilitupwa zikiwa nzima, zimezibwa tundu tu. Lakini kila moja iliyookolewa kwa kijiti cha meno ni moja iliyopunguzwa katika rundo, na ni fedha zilizobaki katika mfuko wa mwananchi.

Yapo mapingamizi, nayo yanastahili kujibiwa. Wapo watakaosema kwamba kumfundisha kila mtu kuichokoa simu yake ni kualika uharibifu. Nawajibu kwamba watu tayari wanazichokoa, tena kwa sindano. Wasipoelezwa hawataacha, wataendelea vibaya. Wengine watasema kwamba mafundi watakosa riziki. Fundi aliyejifunza kazi hategemei nyuzi za mfukoni. Ana vioo vilivyopasuka, betri zilizovimba na vibao vilivyoungua. Mteja anayejua tofauti ya tundu na kibao humwamini zaidi fundi aliye mkweli, na humkimbia aliye mlaghai. Basi elimu hiyo ni faida kwa fundi mwema.

Wapo pia watakaodai kwamba Wakenya wanajua Kiingereza, na kwa hiyo hapana haja ya Kiswahili. Dai hili nimelisikia tangu nilipoanza kufundisha, na halijapata nguvu kwa kurudiwa. Kuijua lugha ya kufanyia mtihani hakulingani na kuijua lugha ya kufanyia kazi kwa mikono. Mtu aliyeinama juu ya simu yake usiku, tochi kinywani na kijiti mkononi, anahitaji maelezo ambayo hayamlazimu kuyatafsiri kwanza. Nimeeleza hapo juu kwamba baina ya kuchokoa na kuchokonoa pana uzima na kifo cha simu. Ni wangapi miongoni mwetu wanaoweza kuonyesha tofauti hiyo kwa Kiingereza bila kusita?

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu. La kwanza: Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa na Mamlaka ya Mawasiliano zishirikiane kuhakikisha kwamba kila simu inayouzwa nchini ina ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza matundu yake, usafishaji wake na mambo ya kuepukwa, pamoja na michoro. Mwezi Oktoba mwaka 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River. Nchi inayoweza kuunganisha simu haiwezi kusema kwamba imeshindwa kupiga chapa karatasi.

La pili linatuhusu sisi wa vyuo vikuu. Tangu Unesco ilipoitenga tarehe 7 Julai, mwaka 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumekuwa tukikutana kila mwaka kuisifu lugha hii kwa hotuba ndefu. Natamani siku hiyo tukae na mafundi wa simu, wao watuonyeshe viungo na sisi tuandike majina, badala ya kubuni istilahi vyumbani na kungojea wananchi wazipokee. Mafundi wana maneno. Tukiyakusanya, tukayachuja na kuyarudisha kwao katika vitabu vya vyuo vya ufundi, tutakuwa tumefanya jambo la maana kuliko hotuba kumi.

La tatu ni la muuzaji wa rejareja. Haligharimu kitu: anapomkabidhi mteja simu mpya, amwonyeshe tundu, amweleze kwamba litaingia nyuzi, na amwambie atumie nini kuzitoa na asitumie nini. Dakika mbili zinatosha.

Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Tumeudharau mwiba huu kwa kuwa ni mdogo na hauna makelele ya kisiasa. Ilhali kila usiku, katika nyumba nyingi za nchi hii, kuna mtu anayeuinamisha waya na kuuwekea kitabu juu yake, akijiandaa kulipia kifo ambacho hakijatokea. Mtu huyo anahitaji kijiti kikavu, mwanga kidogo, na maneno machache ya lugha yake. Kijiti anacho, na tochi anaweza kuiazima kwa jirani. Maneno ndiyo anayodai kwetu na kwa waliomuuzia.